Siku Mito Ilipoletwa

Wodi nzima ilimwita Mama Mito, na jina lake la kwenye mkataba alilijua metroni peke yake. Hilo la Mama Mito alilipata kwa kuombaomba. Aliomba mito kwa metroni, akaomba kwa mtunza stoo, akaomba kwa ndugu wa wagonjwa, na aliponyimwa kote akajitengenezea ya kwake: blanketi kuukuu alilolikunja na kulishona kingo, mfuko wa unga alioujaza vipande vya sponji, mataulo yaliyochakaa aliyoyaviringisha na kuyafunga kamba. Wauguzi walimcheka. "Huyu akifa," walisema, "tusihangaike na sanda, tumtafutie foronya." Naye alicheka nao, kisha akauliza kama hiyo foronya wanayo kweli, maana yeye aliihitaji leo leo, asingoje kufa.

Hakuwa muuguzi. Alikuwa mhudumu tu, sare ya bluu iliyopauka, kazi yake kuosha, kulisha na kugeuza. Kugeuza ndiko kulikomtoa jasho. Mtu asiyejiweza akilazwa chali kutwa, uzito wake wote hukaa juu ya mfupa wa chini ya mgongo na juu ya visigino. Damu haipiti. Ngozi inaiva, inachubuka, mwisho linatoboka shimo, na shimo hilo kwa nje utaliona dogo kama kifungo, kumbe ndani linameza ngumi. Mama Mito aliyaona mashimo hayo kwa miaka kumi na tisa na hakuyazoea hata siku moja.

Ndiyo maana kila baada ya saa mbili alimwita mhudumu mwenzake, baba mzima wa watoto watano, mabega kama mlango, waliyempachika jina la Winchi. Walishika shuka la kati, mmoja huku, mmoja kule. "Moja, mbili, haya!" Wakamwinua mgonjwa bila kumburuta, kwa sababu kuburuta nako kunachuna. Kisha mto nyuma ya mgongo asirudi chali, mto katikati ya magoti, na taulo chini ya vigimbi ili visigino visiguse godoro. Halafu Mama Mito anaandika kwenye chati: saa nne, ubavu wa kushoto. Kama hakumgeuza, anaandika hivyo hivyo: hakugeuzwa.

Wenzake wote waliijaza chati ya kutwa asubuhi, kwa kalamu moja, chai mkono wa pili. Hata Winchi.

"Unajitafutia balaa, mama," Winchi alimwonya.

"Chati si kadi ya harusi, tuandike ya kupendeza tu."

"Haya bwana. Mimi simo."

Kitanda cha nne kililaliwa na fundi cherehani. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia na ulimi juu yake, kikamwachia mkono wa kushoto. Kwa mkono huo Fundi alikuwa na maneno mawili. Akigonga chuma cha kitanda mara tatu, maana yake nigeuzeni. Na akishageuzwa akatulia, alilishika pindo la sare ya Mama Mito kwa kidole gumba na cha shahada, akalisugua polepole, kama anapima kitambaa dukani. Hiyo ndiyo asante yake, na wodi nzima iliijua.

"Unanisema sare imechoka, sivyo?" Mama Mito humtania. "Naona mwenyewe. Ukipona utanishonea nyingine, na usinipunje kwenye mikono."

Kupona kwenyewe hakukuwa ndoto. Kulikuwa na kituo cha mazoezi ya viungo, safari ya nusu siku, ambako watu waliingia wamelazwa wakatoka na mkongojo. Vitanda vichache, foleni haina mwisho. Na sharti moja: mwenye kidonda cha kulala hapokelewi. Mke wa Fundi alisaga soli wiki saba kuitafuta nafasi hiyo. Jumatatu akaja mbio, mtandio umemwanguka mabegani. Ijumaa wanamchukua! Asipokwenda Ijumaa, anaitwa anayefuata.

"Dada yangu," alimwambia Mama Mito, "ngozi yake iko salama?"

Mama Mito alimfunua Fundi, akamwonyesha mgongo wote, hadi visigino. Safi.

"Niachie mimi," alisema. "Ijumaa nitakukabidhi mumeo bila mkwaruzo."

Alisema kwa mdomo wake mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha.

Jumanne metroni akawakusanya. Metroni alikuwa mwanamke nadhifu, mwenye saa kifuani na pua iliyonusa vumbi toka korido. "Kesho tuna wageni wakubwa. Na unajua wanatuletea nini?" Akamgeukia Mama Mito akicheka. "Mito! Ishirini na minne. Si ulikuwa unalia mito wewe? Haya, futa machozi."

Mama Mito alipiga makofi. Jamani, alipiga makofi kwa furaha! Baadaye kila alipoyakumbuka makofi hayo, alitaka kujiuma vidole.

Jumatano saa mbili asubuhi ikatoka amri. Kila mgonjwa alale chali. Shuka hadi kifuani, limenyooka, mikono juu ya shuka. Vichwa vya vitanda viinuliwe, ili nyuso zionekane kwenye picha. Na yale matambara ya Mama Mito yaondoke, maana wageni watadhani wodi haina mito.

"Lakini metroni, si kweli haina?"

"Mama, usinianze leo."

Matambara yakaingia kwenye gunia, gunia likaenda nyuma ya mlango wa choo. Wahudumu waliuita mtindo huo kulala kijeshi. Wageni walitarajiwa saa tatu, na Mama Mito akapiga hesabu yake: saa tatu waje, saa nne wawe wameondoka, saa nne hiyo hiyo amgeuze Fundi. Haina neno.

Saa nne wageni hawakuwa hata na harufu. Wako njiani, ikasemwa. Saa tano wako njiani. Kitanda kilivyoinuliwa, wagonjwa wasiojiweza walianza kuteleza taratibu kuelekea miguuni, ngozi imebaki juu, mifupa inakwenda chini. Hapo ndipo ngozi hukatika ndani kwa ndani, na Mama Mito alilijua hilo kuliko alivyojua siku ya kuzaliwa kwake.

Saa sita Fundi aligonga chuma. Mara tatu.

Mama Mito akapiga hatua moja. Metroni alikuwa mlangoni, simu sikioni. "Wako getini! Asiguse mtu kitanda!"

"Dakika mbili tu, metroni. Huyu anasafiri Ijumaa, na mgongo wake..."

"Mkataba wako unaisha lini vile?" metroni aliuliza kwa upole, kama anayeuliza habari za nyumbani. "Mwezi huu, au nimekosea?"

Hakukosea. Mama Mito akasimama pale pale. Akainama kwa Fundi, akamshika bega.

"Vumilia kidogo, baba. Kidogo tu. Wamefika."

Getini, thubutu! Wageni walikuwa ofisini kwa mkurugenzi, wanakula. Fundi akagonga tena mara tatu. Akapumzika, akagonga. Na Mama Mito, yule mwenye miaka kumi na tisa ya kazi, alifanya nini? Alikwenda sinki la nyuma kuosha vikombe vilivyokuwa vimeoshwa, bomba wazi, maji kwa nguvu, asisikie. Aliporudi saa nane, Fundi alikuwa ameacha kugonga.

Wageni waliingia saa tisa. Walikuwa watu wazuri, tusiwaonee. Walisalimia kila kitanda. Mmoja wao akamwekea Fundi mto tumboni, na nailoni yake, akamshika ule mkono mzima, mpiga picha akachuchumaa. "Angalia, anatabasamu!" mgeni alisema, machozi yakimlengalenga. Mdomo wa Fundi ulivutwa na kiharusi tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemwambia mgeni hilo.

Walipotoka, mtunza stoo akapita na toroli akikusanya mito yote ishirini na minne.

"Unaipeleka wapi?" Mama Mito aliruka.

"Stoo. Haijapigwa mhuri wa hospitali."

"Na ikichafuka," metroni aliongeza, "wakirudi tutawaonyesha nini?"

Mama Mito hakungoja kusikia zaidi. Alimwita Winchi, wakamgeuza Fundi. Juu ya mfupa wa chini ya mgongo palikuwa na wekundu mpana kama kiganja. Akabonyeza kwa kidole. Ngozi yenye uhai ukiibonyeza huwa nyeupe, kisha damu inarudi. Hapa alibonyeza, akaachia, akabonyeza tena. Wekundu haukutingishika.

"Mama yangu wee," alisema Winchi.

Mama Mito akachukua chati akaandika: saa nne, hakugeuzwa. Saa sita, hakugeuzwa. Saa nane, hakugeuzwa. Akatia sahihi.

"Andika amegeuzwa, mama! Nakuomba. Mwenzio naona mbali."

"Nimemnyima kugeuzwa, nimwibie na ukweli?"

Alhamisi hakwenda kwake. Alikaa na Fundi akimgeuza ubavu hadi ubavu, hakumruhusu chali hata nukta moja, alimfuta, alimkausha, aliomba kila dua aliyoijua na nyingine akazitunga. Jioni yake ule wekundu ukatoa lengelenge, na lengelenge likapasuka.

Ijumaa asubuhi gari la kituo likafika, na muuguzi wake, mwanamume wa maneno machache. Fundi alivalishwa shati alilojishonea mwenyewe kabla ya kuugua, la mistari, kola imesimama. Mkewe alikuwa na begi mkononi, na vitanda vya jirani alikwishaviaga vyote. Muuguzi wa kituo akamwomba radhi, akamgeuza Fundi, akalifunua lile shati. Akatazama. Akalirudisha shati taratibu, akavua glavu.

"Pole, mama. Kidonda kikifunga kabisa, ombeni tena."

"Tuombe tena lini?"

"Foleni ni ya mwaka na ushee."

Mke wa Fundi hakulia. Aliweka begi chini. "Nani?" aliuliza. "Naomba mtu aniambie nani."

Metroni alikwishazishika chati mkononi. Akazifungua moja moja mbele ya wote. "Kitanda cha kwanza, amegeuzwa kila saa mbili. Cha pili, amegeuzwa. Cha tatu, amegeuzwa. Wodi yangu hii wagonjwa wanageuzwa, mama. Ni huyu wako tu. Hakugeuzwa, hakugeuzwa, hakugeuzwa. Na sahihi ndiyo hii."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na wekundu ule ule mgongoni. Hakuna gari lililomngoja, kwa hiyo hakuna aliyemfunua.

"Metroni," Mama Mito alisema, "si wewe uliyekataza vitanda visiguswe?"

"Niliandika wapi?"

Winchi alikuwa anatazama viatu vyake kama amevivaa leo mara ya kwanza.

Mke wa Fundi wala hakumtazama metroni. Alimtazama Mama Mito. "Uliniambia nikuachie wewe."

Mama Mito alikuwa na maneno, tena mengi: wageni, picha, mkataba, geti. Lakini juu ya maneno yote hayo alisikia maji ya bomba yakimwagika juu ya vikombe safi.

Gari likaondoka na kitanda chake kitupu. Ikafika saa nne, na saa nne ni saa ya kugeuza, iwe msiba iwe harusi. Mama Mito akaenda nyuma ya mlango wa choo akalileta tena gunia lake, lililofichwa asubuhi gari lilipokuja. Winchi akashika upande wa pili wa shuka bila kuinua macho. Moja, mbili, haya. Blanketi nyuma ya mgongo, mfuko wa unga katikati ya magoti, taulo chini ya vigimbi. Fundi akatulia, akashusha pumzi.

Kisha mkono wake wa kushoto ukanyooka, ukatafuta, ukalipata pindo la sare ya bluu. Akaanza kulisugua polepole.

Mama Mito alitamani Fundi angemzaba kofi.

"Huyo si wa kushukuriwa, mume wangu," mkewe alisema.

Fundi hakuacha. Ndipo mwanamke akazunguka kitanda, akavifungua vidole vya mumewe kimoja kimoja, akaliachilia pindo, akauweka ule mkono juu ya shuka na kuushikilia hapo. Mama Mito alichukua kalamu akaandika: saa nne, ubavu wa kulia, amegeuzwa.