Viti Vilivyorudi kwa Miguu

Uvumi ulimkuta mama msusi kwenye foleni ya maji: viti viwili vimeonekana vikivuka barabara kuu, vikisubiri kwanza magari yapite. Alijitwika ndoo yake, akaukataa. Ukamfuata mpaka nyumbani kama kupe na mkia.

"Mwanangu, kile kiti chako kina magurudumu?"

"Hakina, mama. Miguu minne tu, na pedeli."

Binti alikuwa amekibuni kwa sababu ya mgongo wa mama yake, uliopindishwa na miaka ishirini ya kuinamia vichwa vya watu. Ukikanyaga pedeli, mteja anapanda, ukiachia, anashuka. Ni mama aliyeshikilia kipelekwe kwenye maonyesho ya wabunifu. "Kizuri chajiuza," alisema, na neno hilo linamkereketa hadi leo. Huko mgeni rasmi alisoma sera ya taifa ya miliki bunifu, akapigiwa makofi. Kisha bwana mmoja mwenye tai akamwomba binti amchoree kile kiti. Binti akamchorea pande zote, na vipimo. Mama ndiye aliyetoa kalamu.

Mwezi uliofuata kiti kilikuwa dirishani mwa duka la kampuni ya samani. Mama na binti wakaenda ofisi ya hataza, wanakosajili haki za wabunifu.

"Haki hupewa aliyewahi kuomba, mama," karani alieleza kwa upole. "Siyo aliyewahi kuwaza."

"Kwa hiyo mwanangu kawaza bure?"

"Kawaza vizuri sana. Sera inampongeza."

Sasa, jioni ya ule uvumi, viti viwili vilifika mlangoni, vumbi mpaka magotini. Mama akavifuta miguu, akavisogeza kivulini. Kesho yake vikaja vitano. Kufikia Ijumaa vilikuwa arobaini na kimoja. Jirani muuza mkaa alilalamika tu kwamba havipigi hodi.

Kampuni ikaleta lori na barua ya kuwatuhumu wizi. Vikapakiwa, na kabla ya magharibi vikarudi, kimoja kikichechemea. Lori lilikuja mara tatu. Mara ya nne dereva akashuka amechoka.

"Shikamoo mama. Nisaidie kamba basi, nivifunge."

"Marahaba, baba. Kamba sina. Na ningekuwa nayo nisingekupa."

Dereva akacheka, akaomba maji, akaondoka na lori tupu.

Cheti cha hataza bado kinaning'inia ukutani kwa kampuni, kina jina la mwenye tai. Binti haruhusiwi kutengeneza kiti chake wala kukiuza. Kukikalia hakuna aliyekataza, kwa hiyo mama anasuka mgongo umenyooka, na mlangoni amebandika karatasi kwa kila mwenye mtoto mbunifu:

Usipeleke kitu maonyesho kabla hujakiombea hataza.
Usimchoree mtu usiyemjua, hata akikusifu.
Usitoe kalamu.
Usiseme kizuri chajiuza. Kuna mtu hukiuza.
Kiti kikija kwa miguu yake, usikirudishe.