Pembe ya Nne ya Lori

Mlio ulianza tulipoipita Igawa. Ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi na hataki kungoja. Nikipunguza mwendo, nao unapungua. Nikikanyaga mafuta, unakazana. Nilitoa gea nikaliacha lori liteleze lenyewe, mlio ukabaki palepale. Basi injini haikuwa na kosa. Kilichogonga ni kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu.

Mimi Yotamu nilijifunza ufundi jeshini wakati wa vita, na mwaka huo wa 1956 niliamini kwamba kati ya Mbeya na Iringa hakuna dereva wa kunifundisha gari. Nalisema mapema ili mjue kosa lilikuwa la nani.

Nyuma, juu ya magunia ya mchele, alikaa Damari, mke wa mwanangu Sedekia, amempakata mjukuu wangu Mika wa miezi mitano. Nilikuwa nawapeleka Iringa, Sedekia alikopata kazi. Kwetu Unyakyusa mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani, na mke halitamki jina la baba mkwe hata akiwa mbali. Tulikuwa Wakristo, lakini hilo tulilishika. Ndiyo maana dada yangu Yudith alikaa naye huko nyuma, awe wa kutubebea maneno. Damari alijibanza pembe ya nyuma kushoto, amejifunika shuka, nisije nikamwona hata kwa bahati mbaya.

Makambako nilisimamisha lori nikaingia chini yake. Nilishika shafti inayopeleka nguvu nyuma nikaitikisa. Krosi, kile kiungo chake, ilicheza kidogo. Nilifurahi kama niliyeokota kitu. Nikaitia grisi, nikakaza boliti za springi za mbele, nikazunguka nikakagua gurudumu la nyuma kulia. Hapo nikageuka nikarudi nilikotoka.

Yudith alichungulia kwenye turubai. "Kaka, mkweo anasema mlio uko chini yake. Anausikia kwenye mbao alizokalia."

"Mwambie amshike mtoto vizuri. Gari aniachie mimi."

"Lakini upande wake hujaangalia."

"Unataka nikainame miguuni pa mkwe wangu, watu wote hawa wanatazama? Ni krosi, nimeiona kwa macho yangu."

"Basi nimshushe, akae kando kidogo."

"Na mtoto, kwenye mvua hii? Twende!"

Yudith alinijua tangu utoto, akanyamaza. Mlio haukunyamaza.

Nyololo ndiko Yudith alikoishi na mumewe, akashuka. Alisimama dirishani kwangu, kikapu kichwani. "Sasa nani atakuambia la mkweo?"

"Zimebaki saa chache. Hatuna la kuambiana."

Maili kumi mbele ukungu ulishuka, na barabara nayo ikaanza kushuka, utelezi mtupu, korongo upande wa kushoto na daraja la mbao huko chini. Nilitia gea ndogo. Ndipo mlio ulipobadilika. Haukuwa tena ko, ko. Ulikuwa unasaga, kisha unakata, kisha unasaga. Lori likaanza kuyumba kiuno. Niliogopa, nasema kweli. Bado nikajiambia ni krosi, itafika darajani, pale patambarare nitaitazama.

"Yotamu!"

Nilidhani nimesikia vibaya. Sauti ya mwanamke, kali, nyuma ya kichwa changu.

"Yotamu, simama! Gurudumu linatoka!"

Sikukanyaga breki kwa nguvu, maana tungezunguka. Nilivuta usukani kulia nikalibamiza lori kwenye ukingo wa udongo. Lilikwaruza, likapanda, likakaa. Mika akaanza kulia, na sijawahi kushukuru kilio kama nilivyokishukuru kile.

Nilikimbia hadi pembe ya nyuma kushoto. Nati sita zinapaswa kulishika gurudumu. Zilibaki mbili, na moja niliitoa kwa vidole. Asubuhi, Chimala, tulipata pancha kwenye gurudumu hilohilo. Nilizitia nati likiwa bado juu ya jeki, nikalishusha, na kabla sijazikaza mara ya mwisho mvua ilikuja, Damari na mtoto wakapandishwa haraka kwenye pembe hiyo. Nami nikageuza uso, nikaondoka kwa heshima zangu, spana mkononi.

Aliteremka, akasimama ukingoni amenipa mgongo, mtoto kifuani, shuka limemfunika hadi kichwani. Alikuwa amelitaja jina langu, tena kwa ukelele. Wazee wa nyumbani wangemwita mwanamke asiye na adabu, na wangeanza kwa kuniuliza mimi ilikuwaje.

Nilitoa nati moja moja kwenye magurudumu mengine, nikalikaza hilo hadi mikono ikaniuma. Muda wote huo alilia bila sauti. Ningeweza kupanda usukanini na kungoja apande mwenyewe. Hakuna ambaye angenilaumu.

"Damari," nikasema.

Alishtuka. Miaka mitatu alikuwa mke wa nyumba yangu, na hata mimi sikuwahi kumwita.

"Wakiuliza, mimi ndiye niliyeanza kukusemesha. Nilikuuliza mlio uko wapi, ukanijibu. Umesikia?"

Alimfunika mtoto vizuri kwa shuka.

"Hukuniuliza, baba," akasema, bado amenipa mgongo.

Nilisimama pale na spana yangu, mvua ikininyeshea.