Uzi wa Kiwanda Kile

Kila asubuhi, kabla cherehani hazijaanza kulia, mama fundi alimpa binti wa meza ya pili sindano amtungie uzi, maana macho yake yalishachoka. Leo binti aliona nembo ya kiwanda kwenye roli ya uzi, akarudisha mkono.

"Huu nimeususia, mama. Mwenye kiwanda ndiye anayekifadhili chama chenu."

"Haya, mwanamapinduzi!" Mama fundi alicheka, akalamba ncha ya uzi, akajaribu mwenyewe. Akakosa. Mara ya pili akajichoma kidole, na kicheko kikapotea usoni.

Binti alimwona, akashindwa kushona. Mwishowe alikata uzi wake, wa rangi ileile, akautunga kwenye sindano nyingine, akampelekea.

"Wa wapinzani huo? Si utakatika!"

"Mama," binti alisema, "nimesusia uzi. Wewe sijakususia."