Vita vya Mkutano wa Hisa

Naapa kwa macho yangu yote mawili, na la kushoto ndilo linaloona vizuri, kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Mkiona chumvi imezidi, jueni ilizidi ukumbini siku yenyewe, kabla sijagusa kalamu. Mimi ni mstaafu wa kusoma mita za maji. Ujana wangu wote nimeupitisha katika nyua za watu, nikang'atwa na mbwa wa kila rangi, na mmoja wao alinivua suruali, akaivaa, akanisindikiza nayo hadi getini. Mtu aliyepitia hayo hana haja ya kubuni.

Vita vyenyewe vilianza kwa ajili ya mdogo wangu wa kike. Tunamwita Sindano, kwa sababu ni fundi cherehani na pia kwa sababu ya ulimi wake. Sindano alikuwa na vyerehani viwili. Akauza kile cha umeme, kile kizuri, akabaki na cha miguu kinachoruka mishono. Pesa akazitia katika mfuko wa kitambaa, mfuko akaushonea ndani ya gauni lake kifuani, kisha akaniarifu, hakuniuliza, kwamba anakwenda kununua hisa kwa Maradufu.

Maradufu alikuwa bwana mmoja mwenye koti jeupe kama la daktari, aliyekodi ukumbi wa mtaa na kubandika matangazo hadi kwenye milango ya vyoo. Alijiita mshauri wa utajiri. Ukimpa pesa yako leo, alisema, atakununulia hisa, na msimu ukigeuka anakurudishia mara mbili. Nikamwambia Sindano kwamba huyo ni mwizi, na kwamba pesa hiyo ikipotea atashona vifungo kwa mkono hadi vidole viote sugu. Akanijibu kwamba mimi nina kijicho, na kwamba akiba yangu yote naijua mwenyewe ilikoingilia na ilikotokea. Nikaona isiwe tabu, nikamfuata nyuma kumlinda.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wengine wakawa wanapumua kwa zamu. Maradufu akapanda jukwaani na kipaza sauti, akaeleza kwamba hisa zake hazishuki, hazijui kushuka, zimefungwa breki upande wa chini. Watu wakapiga makofi. Sindano alikuwa mstari wa mbele, mkono uko kifuani, tayari kufumua mshono.

Ndipo akaingia afisa wa ile ofisi ya serikali inayosimamia soko la hisa. Binti mdogo, miwani mikubwa, viatu vimejaa vumbi. Kazi yake ni kuzunguka mitaani kuwafundisha watu wasiibiwe. Akaomba aseme maneno machache. Maradufu, kwa kiburi, akampa kipaza sauti, akijua watamzomea.

Wakamzomea kweli, lakini binti hakutetereka. Akasema hakuna hisa isiyoweza kushuka bei, na anayekuahidi faida ya uhakika anakuahidi kitu ambacho hana. Akasema anayeuza hisa lazima awe na leseni, uiombe, uisome, upige simu ofisini uhakikishe. Akasema hisa ukizinunua zinaandikwa kwa jina lako wewe, si la mtu mwingine yeyote. Alisema vizuri sana. Angeishia hapo, watu wangerudi nyumbani na meno yao.

Lakini akaendelea. Akasema, "Hisa hazinunuliwi kwa mtu aliyekodi ukumbi. Zinanunuliwa kwa dalali. Na leo nimekuja na dalali mwenyewe, yule pale mlangoni."

Sasa, nisikilizeni. Huko kwenye maofisi sijui dalali ni nani. Mtaani kwetu dalali ni mmoja tu. Ni yule anayekuja na lori na karatasi ya mahakama, akabeba kochi, akabeba kitanda, akaiipua sufuria iliyoko jikoni, akamwaga mchuzi, akabeba sufuria. Jirani yangu alibebewa kitanda cha mtoto na mtoto ndani yake. Mtoto walimrudisha kwa sababu hakuwa kwenye orodha. Ukumbi ule wote, hakuna aliyekuwa hajawahi kutembelewa na dalali, isipokuwa wale ambao hawakuwa na cha kubebwa.

Vichwa vyote vikageukia mlangoni. Pale alisimama mtu mwembamba mwenye tai na mkoba wa ngozi. Naye, masikini, alidhani anatambulishwa. Akatabasamu, akanyanyua mkono kuwasalimu.

Maradufu hakuhitaji kusukumwa. Akasema kwa sauti ya huruma, "Mmesikia kwa masikio yenu. Wamekuja na dalali. Lori liko nje."

Benchi la kwanza lilipita juu ya kichwa changu. La pili halikupita, lilimwangukia mwuza mkaa mgongoni, naye akageuka akamtandika aliyekuwa nyuma yake bila kuuliza. Mwuza nyama aliinuka na kiti cha chuma, akakizungusha, kila kilipopita kikaacha watu wawili chini. Dalali alikula ngumi ya kwanza tabasamu likiwa bado usoni. Wakamvuta tai mpaka macho yakamtoka, wakamwangusha, wakampiga mateke ya mbavu, na kila teke lilikuwa na jina: hili la kochi langu, hili la friji, hili la cherehani cha mama. Mkoba wake ukapasuliwa. Mama mmoja mnene alimkalia miguuni ili asihame, huku akimchapa kwa kiatu na kumwuliza kabati lake liko wapi. Damu ilimtoka puani ikalifanya shati lake jeupe kuwa bendera.

Binti wa serikali alikuwa analia kwenye kipaza sauti kwamba dalali wa hisa si dalali wa mahakama, kwamba huyu hachukui vitu vya watu, kwamba ni neno moja na kazi mbili. Mtu akarusha kopo la rangi. Likampata kwenye paji la uso, miwani ikavunjika, damu ikashuka kwenye jicho. Akaanguka magotini, lakini kipaza sauti hakukiachia. Akawa anarudia tu, "Ulizeni hisa zitaandikwa jina la nani. Ulizeni jina."

Katikati ya kiama hicho Maradufu alikuwa anapita mstari wa mbele na begi wazi, anakusanya. Haraka mama, tia humu, kabla hawajakubeba na pesa zako. Watu walitia. Walikuwa na hofu kiasi kwamba mmoja alitia na funguo za nyumba. Akafika kwa Sindano.

Sindano alikuwa amekwisha kufumua. Mfuko ulikuwa mkononi. Akauliza, "Hizo hisa zitaandikwa jina la nani?"

"La kampuni, dada. Sisi tutakutunzia."

Sindano akaurudisha mfuko kifuani.

Maradufu akatazama huku na huku, akampiga ngumi ya mdomo. Nimeona ngumi nyingi, hii ilikuwa ya mtu aliyezoea. Mdomo wa mdogo wangu ukapasuka. Akamshika gauni kifuani, akalirarua hadi kiunoni, akaung'ang'ania mfuko, na Sindano akaung'ang'ania upande wa pili, wakaburutana sakafuni juu ya vioo vya miwani, Maradufu akimponda vidole kwa kisigino ili aachie.

Hapo ndipo damu ya ukoo wetu ilipochemka. Niliruka mabenchi matatu kwa mkupuo mmoja, hewani nikapata nafasi ya kuvua saa yangu na kuitia mfukoni, nikatua, nikamshushia Maradufu konde moja tu la mkono wa kulia. Meno yalimruka. Jino moja liligonga saa ya ukutani ikasimama, na mpaka leo mtaa mzima unachelewa. Kisha nikamnyanyua kwa koti lake jeupe, nikamzungusha kama mnazi kwenye kimbunga, nikamtupa dirishani, na dirisha lilikuwa limefungwa. Nikaokota mfuko, nikamkabidhi mdogo wangu, nikamwambia

Naandika tena. Hapo juu kalamu ilinyang'anywa. Sindano alikuja kuleta suruali yangu aliyoitia kiraka, akasimama nyuma ya kiti akisoma bila hodi, na sasa ameketi mbele yangu na amesema haondoki mpaka niandike anavyosema yeye. Ana kovu kwenye mdomo, kwa hiyo hata akitabasamu huwezi kujua kama anatabasamu.

Aliniuliza kwa upole, ambao kwake ni ishara mbaya, Maradufu alitoka ukumbini kwa njia gani. Nikasema dirishani. Akasema alitoka mlangoni, na pingu. Alisema mkasi wake wa kukatia vitambaa ulikuwa mfukoni, na aliposagwa vidole vya mkono mmoja aliutoa kwa mkono mwingine, akamchoma Maradufu paja, akauacha humo. Maradufu alipopiga ukelele, begi likamwagika, wanawake wa mstari wa mbele wakaona pesa zao sakafuni, na hapo ndipo wakaelewa swali la jina. Walimpiga mpaka polisi walipofika wakaanza kwa kumwokoa yeye. Mfuko haukuwahi kutoka mkononi mwa Sindano hata mara moja.

Nikasema basi tuseme nilisaidia.

"Kaka," akasema, "mabenchi uliruka, hilo sikatai. Lakini uliruka kabla ya mtu mwingine yeyote. Na uliruka ukienda mlangoni."

Nikaanza kukagua kiraka cha suruali.

"Ile ngumi ya kwanza, ya wakati anatabasamu, ilikuwa ya nani?"

Nikamweleza kwamba kochi langu lililobebwa lilikuwa jipya. Lilikuwa bado na plastiki. Nilimsikia binti akitamka dalali, na mkono ukaenda peke yake, na mimi nilikuwa nimeshikamana nao.

Akaniambia kwamba wiki iliyopita alikwenda ofisini kwa dalali huyo. Alikwenda kwa hiari yake, baada ya kupiga simu kuhakikisha leseni. Pesa ya cherehani nusu ameiweka kwenye hisa, kwa jina lake, na nusu ameibakiza kwa ajili ya mashine, kwa sababu yule binti alimweleza kwamba hisa zinaweza kushuka na nguo za shule zina msimu wake. Dalali alimhudumia tangu mwanzo hadi mwisho akiwa amefunika mdomo kwa leso. Mbavu zilikuwa zimeungana, dalali alisema, kilichobaki ni meno, na polisi walikuwa wanamwuliza kama anamkumbuka mzee aliyeanza. Sindano akamwambia hahitaji polisi. Mzee huyo atakuja mwenyewe.

Nikasema sitakwenda. Akachukua karatasi hizi zote, akaanza kuzikunja aende nazo polisi, kwa kuwa, alisema, humu nimejisifu kwa mwandiko wangu kwamba niling'oa meno ya mtu kwa konde la mkono wa kulia.

Hayo yalikuwa jana. Kwa hiyo leo asubuhi nimekwenda. Nilipoingia dalali aliruka nyuma ya meza na kushika kiti. Nikamwamkia kwa heshima zote, nikamwambia nimekuja kulipia meno. Nikamkumbusha kwamba yalikuwa mawili. Akaitoa leso mdomoni, akanionyesha, akanyanyua vidole.

Nimelipa matatu.