Betri ya Volti Sita

Masharti yalikuwa mawili, na shemeji aliyataja akiwa amesimama, maana alikataa kiti. Gari lifike getini kwake Jumamosi kabla ya saa sita mchana kwa nguvu zake lenyewe, si kwa kuvutwa. Na liwe vilevile kaka yake alivyoliacha, bila kukatwa mahali wala kutobolewa. Likifika hivyo, libaki kwa mjane na yeye hatalizungumzia tena. Lisipofika, atalichukua.

"Gari lisilotembea ni banda la kuku, shemeji," alisema. "Na kaka hakufuga kuku."

"Litatembea," alijibu mjane, mshonaji wa nguo, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Mwaka mzima limelala."

"Hata mimi nilikuwa nimelala. Jumamosi tutakuja wote wawili."

Shemeji aliaga na kuondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesukuma gari lile akiwa kijana, na aliamini kwamba mwanamke mwenye cherehani mbili na wajukuu watano angeliacha liliwe na kutu mpaka lioze.

Lilikuwa gari dogo la kijivu, la milango miwili, lenye umri mkubwa kuliko wao wote. Marehemu alikuwa fundi bomba, na kwa miaka thelathini hakumruhusu mtu mwingine kulitia spana. Mkewe alifundishwa naye kuliendesha akiwa na miaka hamsini na mmoja, akapata leseni kwa jaribio la tatu. Lakini hakuwa akiling'ang'ania kwa ajili ya safari. Nyumba ilikuwa na wajukuu kila chumba, na sebule ilikuwa ndiyo chumba cha kushonea, wateja wakibisha hodi tangu alfajiri. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa mbele, alikwenda uani, akaingia ndani ya gari, akafunga mlango na kusali nusu saa. Hakuwa na mahali pengine pa kufunga mlango. Jambo hilo hakumwambia shemeji yake, kwa sababu aliona si la kujitetea nalo.

Jumatano alifungua boneti. Betri ya zamani ilikuwa imevimba ubavuni na vichwa vyake vimeota unga mweupe. Jirani yake, fundi viatu waliyepakana naye ukuta, alimsaidia kuitoa.

"Hii imekufa kifo cha zamani," fundi viatu alisema. "Inazikwa tu, haiombewi."

"Wewe beba, acha mahubiri."

Mshonaji alivua futi ya kupimia shingoni, akapima trei ya chuma iliyokuwa chini ya betri. Vipimo akaviandika katika daftari la wateja, chini ya vya bibi harusi mmoja: urefu 10, upana 7 na nusu.

Alhamisi alikwenda na daftari lake kwa muuza betri, mzee mwenye aproni iliyotobolewa na asidi hadi ikawa kama chujio.

"Volti ngapi?"

"Sita."

"Sita?" Muuzaji alivua miwani. "Mama, za sita siku hizi ni za pikipiki kuukuu na za watu wa rika langu. Chukua kumi na mbili. Itawaka bila kubembelezwa."

"Na taa zangu?"

"Taa utabadilisha. Na koili. Na waya kidogo."

"Halitakiwi kuguswa. Nipe sita."

Muuzaji alikwenda stoo, akarudi na betri mbili zenye vumbi, akaziweka mezani moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa kavu bado, hazijatiwa asidi. Moja ilikuwa na urefu wa inchi tisa kasoro robo. Ya pili, tisa na robo tatu. Mshonaji alizitazama, kisha akafumba macho.

"Unajisikia vibaya?" muuzaji aliuliza.

"Naomba."

"Unaomba punguzo au unaomba Mungu?"

"Mungu. Punguzo nitakuomba wewe, baadaye."

Muuzaji akangoja kwa adabu. Mshonaji alipofumbua macho, alimwonyesha daftari. Mzee alisoma, akasukuma ile fupi pembeni.

"Trei yako ni kumi. Hii itacheza ngoma humo ndani, na betri ikicheza, sahani zake za ndani zinavunjika. Ya kwako ni hii ndefu. Umepima mwenyewe?"

"Miaka thelathini na minne napima watu. Sijarudishiwa nguo."

"Basi. Ila nikishatia asidi hairudi hapa. Hata uje na machozi."

"Tia."

Betri ilitiwa asidi, ikaachwa kwenye chaji. Ijumaa mchana fundi viatu aliileta kwa toroli, muuzaji akifunga duka nyuma yake mpaka Jumatatu.

Betri haikuingia. Upande mmoja uliketi, upande wa pili ukapanda juu ya ukingo wa trei. Wakaigeuza, ikawa vilevile.

"Imenenepa njiani?" fundi viatu aliuliza.

Mshonaji alipima trei upya. Inchi tisa. Akafungua daftari: kumi. Akapima tena na tena, mpaka fundi viatu akaacha kutabasamu.

"Nini?"

"Nimeongeza," alisema. "Nusu inchi huku, nusu inchi huku."

"Kwa nini?"

"Nafasi ya mshono."

Mkono ndio ulioandika, kwa mazoea. Katika kazi yake hakuna kipimo kinachoandikwa kama kilivyo. Mwili ukiwa tisa, kitambaa kinakatwa kumi, ili kuwe na pa kupitisha uzi na pa kufumua mtu akiongezeka. Alikuwa ameipima trei ya chuma kama kiuno cha mteja.

Fundi viatu alicheka mpaka akakaa kwenye toroli. "Kwa hiyo ikishika mimba, utaifumua?"

"Cheka umalize," mshonaji alisema. "Halafu tufikiri."

Alipomaliza, fundi viatu ndiye aliyetangulia kufikiri. Alikuwa na msumeno wa chuma. Ukingo ule wa mbele ulikuwa mwembamba, kazi ya dakika kumi, na rangi nyeusi kidogo juu yake. Shemeji asingejua.

 Mshonaji aliingia ndani ya gari, akafunga mlango. Hakuweza kumlaumu Mungu, maana alimwomba hekima ya kuchagua, na kwa kipimo kile alikuwa amechagua vizuri kabisa. Kipimo ndicho kilichokuwa cha uongo, na kilikuwa cha kwake. Hakuomba muujiza. Aliomba asifanye jambo ambalo Jumamosi angelazimika kulificha. Alipomaliza kuomba akajikuta anafikiria magauni ya kuazima. Mteja akija na gauni la dada yake la kuvaa siku moja, hulikati. Unalishikiza kwa uzi mrefu, na kesho yake unauvuta, gauni linarudi lilivyokuwa.

Alitoka.

"Trei imeshikwa na bolti ngapi?"

"Nne."

"Tuitoe nzima."

Waliitoa trei bila kuikwaruza, wakaweka mahali pake kipande cha mbao ngumu, wakakifunga kwa bolti zilezile katika matundu yaleyale. Betri ikakaa juu ya mbao. Kilichobaki ni kuizuia isiruke barabarani. Mshonaji alikunja turubai mara tatu, akaishona mistari minne, na sindano ya cherehani ilipogoma, fundi viatu akamalizia kwa sindano yake ya ngozi. Walitia bizimu ya begi kuukuu. Mkanda huo wa turubai ukapita chini ya mbao, ukazunguka betri, ukakazwa.

Injini ilikoroma mara mbili ikanyamaza. Mara ya tatu ikashika.

Jumamosi saa nne na nusu waliingia barabarani, fundi viatu akiwa kiti cha pembeni, trei imefungwa kwa kitambaa mapajani mwake kama mtoto anayepelekwa kliniki. Hawakuzidi mwendo wa baiskeli. Shemeji alikuwa getini. Alilizunguka gari mara moja, akafungua boneti, akainama.

"Trei iko wapi?"

"Nilikosea kuandika kipimo," mshonaji alisema. "Betri ni ndefu. Trei hii hapa."

Fundi viatu aliifungua. Shemeji alipitisha kidole kwenye kingo zote nne, akayatazama matundu, moja moja. Kisha akashika mkanda na kuuvuta kwa nguvu. Gari lilitikisika kwenye springi zake. Betri haikusogea.

"Nani kashona?"

"Mimi. Mwisho kamalizia jirani."

"Kaka angekasirika."

"Angekasirika, halafu angekula akalala."

Shemeji alitazama chini kidogo, kuficha tabasamu. Injini ilikuwa bado inanguruma. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuigusa.

"Zima," alisema. "Halafu uwashe tena, nione."

Mshonaji alirudi kwenye usukani, akazima. Uchochoro ukawa kimya. Midomo yake ilisogea, na fundi viatu, ambaye hakuwa mtu wa sala, alivua kofia. Mshonaji alipovuta stata, injini ilikoroma mara moja, ikakata. Alivuta tena. Ikawaka.

Shemeji alifunga boneti kwa mikono miwili, akamrudishia fundi viatu trei.

"Itakaa miaka mingapi hiyo betri?"

"Muuzaji anasema mitatu."

"Ikifa," shemeji alisema, "niite. Utapima mimi nikiandika."