Nywila Isiyotamkika

Mjinga ni mimi, nani mwingine! Mimi Elieth, katibu wa chama cha wakulima Nyamwaga, ndiye niliyeweka jina la baba mkwe wangu kuwa nywila ya kompyuta ya ofisi. Nikajiona mjanja kweli. Katika boma nililoolewa, mkamwana hatamki jina la baba mkwe hata akilewa, basi nani angehisi? Jina lenyewe wanalijua wazee wenzake tu. Ofisini ni mwenyekiti, basi.

Leo nipo Ringwani namuuguza mama, simu yangu haina chaji. Kikaita kitochi cha mama, ambacho vitufe vyote vimekufa isipokuwa cha kupokelea. Alikuwa Precious, msaidizi wangu, yupo Tarime mjini. Orodha ya mbolea ya ruzuku inapokelewa mwisho saa sita, na orodha imo kwenye kompyuta ya Nyamwaga.

"Si uingie ukiwa hukohuko, kama siku zote?"

"Laptop yetu imegoma kuwaka, dada. Nimeazima ya hapa stationery, haina Windows, ina Ubuntu. Programu ya kuunganisha nimeipata, inafika mpaka kule, ila inadai nywila. Ile yetu ilikuwa inaikumbuka yenyewe."

Moyo ukafanya paa!

"Uko na nani?"

"Na mwenyekiti. Nimeweka spika, sikioni sisikii kitu."

Mwenyekiti ndiye baba mkwe wangu.

"Shikamoo, tata," nikasema, jasho linanitoka.

"Marahaba, mama Joram. Toa hilo neno, watu wanasubiri mbolea."

Wakulima wa kata nzima! Wakiikosa kwa ajili yangu, nitapita wapi Nyamwaga? Nikajiumauma, nikasema nywila ni siri, haitajwi mbele za watu. Mzee wa watu hakubisha. Akasema basi atoke nje, nikasikia mlango.

Nikalitaja kwa kunong'ona.

"Sikusikii, dada!"

Nikarudia.

"Network mbaya! Paza sauti!"

Nikafumba macho, nikapiga kelele jina la baba mkwe wangu, lote, kama nafukuza mbuzi shambani.

"Naam!" akaitika mzee kutoka nje.

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Imefunguka!" Precious akashangilia. "Orodha hii hapa, naituma."

Nikasikia mlango tena, kisha kiti kikivutwa.

"Nani kaniita?" mzee akauliza.

"Hakuna aliyekuita, mzee," akajibu Precious, mtoto wa Bukoba asiyejua mambo yetu. "Dada alikuwa anataja nywila."

Nikabonyeza kitufe cha kukata simu, nacho kilishakufa.

"Orodha imekwenda?" mzee akauliza.

"Imekwenda."

"Haya. Mwambie mwenzio, nyingine aweke jina la mbwa."

Mwenzio! Wala hakusema mama Joram. Na kesho narudi bomani kwake, chakula chake cha jioni ni mimi ninayekipeleka. Nitakipeleka kwa uso gani?