Mikono Kumi ya Sukari

Mwaka ule dada yangu alikuwa na haja moja tu: kurudi kwenye jiko la sukari. Hakutaka kuombwa radhi wala kulipwa fidia, na mimi, niliyekuwa nimebeba kinyongo kwa niaba yake miaka mitatu mizima, niliona huo ni unyonge.

Nianze na Jumanne ile, maana wenzangu wa karakana ya keki wanajifanya wamesahau. Kipimajoto cha sukari kilikuwa kimevunjika tangu mwezi uliopita. Madamu, mwenye karakana, alisema tuna mikono, tunataka nini zaidi. Kwa hiyo tulipima kwa vidole. Unachovya vidole kwenye maji ya baridi, unadonoa sukari inayochemka, unarudi majini upesi kabla hujajua umefanya nini, kisha unaibonyeza ile punje humo humo majini. Ikinepa, bado. Ikikatika kama kioo, epua sufuria. Dada alituzidi sote. Alidonoa huku akipiga soga. Siku hiyo sakafu ilikuwa imelowa, akateleza na kushika jiko, sufuria ikainama, na mkono wake wa kuume ukaingia mpaka kwenye kifundo. Sukari haichuruziki kama maji ya moto. Inang'ang'ania na kuendelea kukupika. Aliporudi kutoka hospitali alikuta karatasi inayosema ameumia kwa uzembe wake mwenyewe, akatia sahihi. Akapelekwa kwenye sinki kuosha sinia na kalibu za kumwagia sukari, nami nikapewa jiko lake. Nakumbuka nani alikuwepo siku ya kutia sahihi, na nani aliinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

Wenzangu waliniita Wakili. Hawakuwa wakinisifu.

Kisha akaja mpangaji wa sherehe, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia shingoni. Kuna mapacha walikuwa wanatimiza miaka kumi na miwili, na wazazi wao walitaka sherehe ya vitisho: macho ya sukari yenye mishipa myekundu, mifupa, vipande vya kioo vyenye damu, na katikati ya meza keki kubwa mfano wa kaburi, mikono kumi ikichomoza kutoka ndani. Kila kitu kiwe cha kuliwa, hata damu.

Macho na mifupa havikunisumbua. Kioo nacho ni sukari tu iliyomwagwa kwenye sinia na kupigwa nyundo, na nyundo naipenda. Mikono ndiyo iliyogoma. Nilimwaga mmoja wa sampuli kwa kalibu ya dukani, mpangaji akaugeuzageuza mwangani, akasema huo ni mkono wa bibi harusi, unangoja pete. Mwoka mikate wetu alicheka mpaka akakohoa.

Macho ya Madamu yakaenda kwenye sinki. Dada alikuwa anasugua sinia, mikono ya gauni ameikunja, na ule mkono wa kuume ulikuwa wazi: ngozi imejikunja na kung'aa, vidole viwili vimeshikana chini, ukucha mmoja haupo. Madamu akamwendea, akamwita mpenzi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamweleza kwamba mkono kama ule hauuzwi popote, na kwamba anataka kuutolea kalibu.

Niliweka mwiko chini. Nikamweleza mgeni, Madamu akiwa hapo hapo, mkono ule ulitengenezwa na sufuria ya nani na kwa kukosa kifaa gani, ambacho mpaka leo hakijanunuliwa. Mwoka mikate akakumbuka ana kitu tanurini. Mpangaji akavaa miwani yake, akaivua. Dada peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. Alikausha mkono kwa aproni, taratibu, kidole kwa kidole.

"Mkono nitautoa, Madamu. Ila hiyo sukari nitaipika mimi, hakuna mwingine. Ikitoka vizuri, Jumatatu narudi jikoni."

Madamu akafikiri. "Ikitoka vizuri, jiko ni lako."

Njia nzima ya kwenda nyumbani nilimsema. Nilimwambia amekubali kugeuzwa kichekesho cha watoto wa matajiri, kwamba mkono ule ulikuwa ushahidi na yeye ameutoa uliwe na chai. Aliniacha nimalize. Tulipofika mlangoni akasema nimemtetea miaka mitatu na sijamuuliza hata siku moja yeye anataka nini. Kisha akaniuliza kama tuna vitunguu.

Siku iliyofuata aliuzamisha mkono kwenye ndoo ya ule uji wa rangi ya waridi wanaoutumia mafundi wa meno kuchukua umbo la meno, akatulia bila kuutikisa mpaka ukaganda. Alipouchomoa, tukajaza plasta kwenye tundu, na juu ya plasta tukamimina mpira laini wa kutengenezea kalibu. Kila mkunjo wa ngozi ulitoka. Mwoka mikate aliuangalia ule mkono wa plasta, akasema polepole, "Shemeji, hata mimi natishika." Si shemeji yake, huwaita hivyo wanawake wote anaowaonea haya. Dada alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka mle ndani tangu Jumanne ile.

Ijumaa asubuhi akasimama jikoni. Alipima sukari, maji na glukosi kwa macho tu, akafuta kingo za sufuria kwa brashi yenye maji ili sukari isirudi kuwa punje, yote bila kufikiri, kama mtu anayefunga vifungo vya shati lake. Madamu alikuja kutazama. Nadhani ndiyo sababu Dada hakutumia mkono wa kushoto. Alichovya ule wa kuume kwenye maji ya baridi, akadonoa, akarudi majini, akabonyeza.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye. Povu lilikuwa bado kubwa na jepesi; sukari iliyoiva hutoa povu dogo, zito, la uvivu. Ilihitaji dakika tatu zaidi, labda nne. Lakini ngozi ya vidole vyake imekuwa nene kama kisigino, na kitu kinachonepa hukiona kigumu. Alibonyeza tena. Kisha, kwa sauti ambayo Madamu hakuisikia, akaniuliza, "Unaonaje?"

Nimejaribu kujiambia kwamba nilimstahi, kwamba sikutaka aaibike. Huo ni uongo. Nilichoona mbele yangu ni ukumbi mzima wa matajiri, mikono kumi imelala kama ndizi zilizochemshwa, na Madamu akiulizwa kwa nini karakana yake haina kipimajoto. Niliungoja ushahidi huo miaka mitatu.

"Imeiva," nikasema.

Akaepua.

Jumamosi saa tisa mchana tulipanga meza. Mapazia ya ukumbi yalikuwa yamefungwa, mishumaa inawaka, joto limejaa. Mikono ilisimama juu ya kaburi kama nusu saa. Kisha ikaanza kutoa jasho. Vidole vikainama kimoja kimoja, ngozi ile ya sukari ikateleza, na mkono mmoja ukajikunja mpaka ukagusa keki. Watoto walipofunguliwa mlango walipiga mayowe ya furaha. Mpangaji akamshika Madamu begani, akamwambia hajawahi kuona kitu cha kutisha kama hicho, mikono inayooza mbele ya macho, na hapo hapo akaagiza mingine kwa sherehe mbili zijazo.

Hakuna aliyemuuliza Madamu kuhusu kipimajoto.

Dada alijaribu kuvunja ukucha wa mkono uliokuwa karibu yake. Haukuvunjika, ulivutika. Akautia mdomoni, ukamganda kwenye meno. Aliutafuna muda mrefu huku ananiangalia, na Madamu, aliyekuwa akipokea sifa, aliona anatafuna nini. Naye anaijua sukari.

Jumatatu Madamu akasema kalibu zitabaki stoo, mikono itatengenezwa, mteja ameipenda. Ila jiko litabaki kwangu. Vidole vya Dada havisikii tena, alisema, na safari hii hakumwita mpenzi.

Nikasimama mbele ya wote. Nikamwambia Madamu kwamba Dada aliniuliza, kwamba niliona sukari haijaiva na nikamdanganya kwa makusudi, hivyo kosa ni langu na jiko ni lake. Nilisema kwa ufasaha. Nimesema kwa ufasaha mle ndani mara nyingi.

Madamu alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu kwa kuchoka.

"Wakili," akasema, "dada yako umemtetea vya kutosha. Washa jiko."

Mwoka mikate akanipiga begani kwa huruma, akaniambia hakuna kaka kama mimi. Nilitazama kwenye sinki. Dada alikuwa amesikia kila neno, na yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba ni kweli. Akafungua bomba kwa nguvu, akaanza kusugua sufuria.